Barua kwa Mwanangu: Namba ya PSA ya Baba Yako

Mwanangu Salum,

Marahaba, na salamu kwa mkeo na watoto. Kwa kuwa baba yako, aliyetolewa tezi dume kwa ajili ya saratani, sasa yuko kwenu, daftari la vipimo vyake liko mikononi mwako. Jambo la kwanza nataka ulishike hili: karatasi ya maabara ikileta PSA 0.9 na pembeni ikaandika "kawaida 0–4", kwa baba yako hiyo si kawaida hata kidogo.

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume. Kile kiwango cha 0 mpaka 4 kiliwekwa kwa ajili ya mwanamume mwenye tezi yake. Baba yako tezi imetolewa yote, kwa hiyo hakuna kiwanda kilichobaki. PSA ikionekana tena na ikawa inapanda, kuna seli zilizobaki au zilizokwisha kusafiri. Mashine haijui nani kapasuliwa na nani hajapasuliwa. Inachapa kiwango kilekile kwa wote, na mtu mwenye foleni ndefu mlangoni anaweza kutupia jicho akasema "ipo sawa, mzee". Usiondoke na "ipo sawa". Omba namba. Iandike kwenye daftari kama ilivyo, na tarehe, jina la maabara, na alama ya "<" (yaani chini ya) ikiwepo, maana "<0.1" na "0.1" ni majibu mawili tofauti. Angalia nukta nayo: 0.02 na 0.2 zimetenganishwa na sifuri moja, lakini ya kwanza unarudi nayo nyumbani umetulia, na ya pili unaenda nayo kwa daktari.

Kwa sababu hiyohiyo, kile kipimo cha haraka cha tone la damu kwenye kikadi, kinachotoa mstari, hakimfai. Vingi vimetengenezwa kuonyesha mstari PSA ikifika 4. Kitamwambia "hasi" akiwa na 3, wakati ugonjwa umekwisha kurudi zamani.

Haya yote yanasimama juu ya aina ya upasuaji. Tafuta karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa uhakikishe imeandikwa "radical prostatectomy", yaani tezi yote imetolewa pamoja na vifuko vya manii. Wapo wazee wengi waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa nyama ya ndani tu ili mkojo upite, na ganda la tezi likabaki. Hao PSA yao haishuki hadi sifuri, na hesabu ninazokupa hapa si zao. Pamoja na karatasi hiyo weka majibu ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa nyama iliyotolewa: alama ya Gleason (ukali wa saratani), kama saratani ilifika kwenye ukingo wa nyama iliyokatwa, kama iliingia kwenye vifuko vya manii au kwenye tezi za limfu. Daktari yeyote mpya atauliza hayo kabla ya kuuliza jina.

Kipimo cha kwanza hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. PSA iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila siku mbili au tatu, kwa hiyo ukipima wiki ya pili unakuta mabaki na kumtisha mgonjwa bure. Kufikia wiki ya nane inatakiwa iwe chini ya 0.1. Ikiwa bado ni 0.1 au zaidi, saratani haijarudi, ila haikuisha, na hapo mnarudi kliniki bila kungoja miezi. Mambo yakiwa mazuri, ratiba ya kawaida ni mwezi wa 3, wa 6, wa 12, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa tatu, kisha mara moja kwa mwaka. Patholojia ikiwa mbaya, daktari ataisogeza karibu zaidi. Msiache kwa kuwa miaka mitano imepita. Saratani inaweza kurudi hata baada ya kumi.

Maabara iwe moja. Mashine za kampuni mbalimbali hazipimi sawasawa. Damu ileile inaweza kupishana kwa asilimia 20, na ukibadilisha maabara utadhani imepanda. Tena, zipo zinazosoma mpaka 0.01 na zipo zinazoishia 0.1. Kwenye zile kali, 0.01 ikawa 0.02 kisha ikarudi 0.01 ni mtikisiko wa mashine, usimkoseshe baba yako usingizi. Omba PSA jumla (total PSA). Ile PSA huru (free PSA) haina kazi kwa asiye na tezi. Hana haja ya kufunga. Kama anameza vidonge vya biotini vya nywele na kucha, aache siku tatu kabla, kwa kuwa kwenye baadhi ya mashine hushusha namba kwa uongo. Na kama alichomwa sindano ya kuzuia homoni, mtajie daktari, maana sindano hiyo hushusha PSA hata saratani ikiwepo.

Ikifika 0.2, pima tena. Mara mbili ikiwa 0.2 au zaidi, hapo husemwa saratani imerudi kwa kipimo cha damu, ingawa mwilini huenda hajisikii chochote. Sasa kinachotazamwa ni mwendo. Ikiwa Januari 0.1, Julai 0.2, Januari ya pili 0.4, inaongezeka maradufu kila miezi sita, na huo ni mwendo wa kuhofia. Ikichukua zaidi ya mwaka, ni mpole zaidi. Ndiyo maana daftari lina thamani kuliko jibu moja.

Usikimbilie kulipia kipimo cha mifupa (bone scan). PSA ikiwa chini ya 10 ni nadra kuonyesha kitu. Pesa hiyo iwe ya nauli kwenda kuzungumza na daktari wa mionzi, Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mapema. Mionzi kwenye eneo ilipokuwa tezi hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5. Utafiti wa RADICALS-RT, uliochapishwa mwaka 2020 kwa wanaume 1,396, ulionyesha kwamba kumchoma kila mtu mionzi mara baada ya upasuaji hakuleta faida kuliko kufuatilia na kuianza PSA inapofika 0.1 au kupanda mara tatu mfululizo, na uliongeza matatizo ya mkojo. Lakini kusubiri huko ni kwa anayepima. Asiyepima hasubiri, amepotea tu.

Mkojo ukitoka kwa shida miezi michache baada ya upasuaji, mara nyingi ni kovu shingoni mwa kibofu. Ila maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, hasa yakija na miguu kulegea au kushindwa kuzuia haja, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kliniki.

Wewe nawe, baba akiwa na saratani hii hatari ya mwana huwa karibu mara mbili. Ukifika miaka 45 anza kupima yako.

Damu yake ya miezi 6 inaangukia wiki ya pili ya Machi. Itolewe wiki moja kabla ya kliniki, ili mkiingia kwa daktari namba iwe tayari mkononi.

Mama yako