Shangazi, ile video ifute kwanza

Shangazi, shikamoo.

Najua utaitika marahaba kabla hujajua nakuja na lipi. Mara mbili nimekuja kwako kwa miguu, na mara zote mbili ulinitilia chai ya mchaichai, ukanisogezea sahani ya mihogo, tukazungumza bei ya nazi mpaka adhana ya magharibi ikatukuta. Mtoto wa kike hamkanyi shangazi yake uso kwa uso. Adabu hiyo ulinifunza mwenyewe. Lakini ulichokituma kilipita hadharani, na jibu lake nimeona lipite njia hiyohiyo. Jina lako silitaji, mtaa siutaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtoto wa kaka asijulikane. Aliyeko hapa Tanga akisoma akadhani kamjua, basi siye.

Nirudi Jumanne ile, saa tatu usiku. Nilikuwa kwa kaka, mimi na wifi tunachambua mchele wa asubuhi. Simu yake ikalia, grupu la ukoo. Ulikuwa umetuma video, na chini yake umeandika: "Wazazi tuchungeni mabinti zetu, dunia imekwisha." Ukaweka na mikono mitatu ya kuomba dua. Juu ya video palikuwa na ile mishale miwili, alama ya kuwa kitu kimepita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika kwetu. Wewe hukuwa wa kwanza. Najua.

Wifi aliitazama sekunde chache. Akailaza simu kifudifudi juu ya ungo, palepale kwenye mchele, akainuka akaenda uani. Tukamsikia anavuta nguo kwenye kamba. Akarudi na mtandio wa zambarau wenye doa la hina pembeni, lile doa la harusi ya binamu yetu. Hakusema neno. Aliushika tu mbele yake kwa mikono miwili, kama muuza duka anayemwonyesha mteja upana wa kitambaa. Mtandio ule ndio uliokuwa ndani ya video.

Mtoto alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Hakuuliza nani kaituma wala ilitoka wapi. Alikwisha kuijua tangu Jumapili. Alisema neno moja juu yako, nami nitalibeba siku zote: "Kumbe na bibi kaiona."

Kilichotokea sitakisimulia, maana kusimulia nako ni kusambaza. Itoshe kuwa ni Ijumaa jioni, kwamba kijana ni wa miaka ishirini na kitu na huyu ana kumi na tano, kwamba alisema hataki, na kwamba rafiki wa yule kijana ndiye aliyeshika simu akirekodi. Hayo mengine yako polisi, na yabaki huko.

Uliniambia siku ya pili, macho yamekujaa machozi: "Mwanangu, mimi sikujua kama ni wetu." Nakuamini. Ndilo lililonikosesha usingizi, shangazi. Kama asingekuwa wetu, je? Ungelala vizuri, nasi tungelala vizuri, na mtoto wa mtu mwingine angekuwa amesimama mlango wa jikoni nyumba nyingine, Makorora au Duga au Mikanjuni, anahesabu wangapi wameshaiona. Wewe hukuona mtoto mle ndani. Uliona funzo la kuwapa wazazi.

Ukasema tena, na hapa lazima nikujibu maana kaka naye amelishika: "Lakini nisingeituma, msingejua." Kweli, tulijua kwa sababu hiyo. Lakini aliyekutumia wewe ungemuuliza kaitoa wapi. Ungekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ungeniletea mimi simu mkononi, ukaniambia tazama, kuna binti wa watu hapa kaumizwa, tufanyeje. Njia za kujulisha zilikuwepo nyingi, na hakuna hata moja inayohitaji watu sitini na wawili wa ukoo kuutazama mwili wa mtoto, wakiwamo wajomba zake.

Na hata huko kujua kwetu kulichelewa. Jumatano asubuhi tulimpeleka. Dawati la jinsia na watoto alitupokea askari wa kike, mpole, akatupa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tukaenda nayo hospitali. Muuguzi akauliza lini. Tukasema Ijumaa jioni. Akahesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu. Dawa za kukinga virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Sisi tulikuwa tumepitisha saa mia. Ya kuzuia mimba tuliiwahi kwa ncha ya kucha, kwani hiyo mwisho wake ni siku tano. Ushahidi mwilini haukuwepo: alikuwa ameoga, akaoga, akaoga tena, nguo akazifua kwa mikono yake usiku. Nani alimwambia asioge? Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yeyote katika ukoo huu kwamba likikupata jambo kama hili usioge, nguo usizifue, zitie kwenye bahasha ya karatasi, uje hivyohivyo ulivyo. Tumewafunza kutawadha na kukuna nazi, hili tumeliruka, na mimi ni mmoja wa walioliruka.

Mjomba aliuliza, nawe ukatikisa kichwa kumuunga mkono: mbona hakupiga kelele? Shangazi, wewe umefuga kuku maisha yako yote. Kifaranga akiona mwewe hupiga kelele? Hujibanza chini, akawa kama kipande cha udongo. Mwili wa binadamu nao hufanya hivyo hofu ikizidi. Sauti haitoki, miguu haikubali, na wala si kwa kuamua. Alitueleza muuguzi, akasema wengi wanaofika pale husema maneno yaleyale: niliganda. Halafu wanakuja kujilaumu kwa kuganda, na sisi tunawasaidia kujilaumu.

Sasa nikueleze hali yake, maana umekuwa ukiuliza kwa simu tu. Halali kabla ya alfajiri. Mlango ukigongwa, anashika meza. Tumbo linamuuma bila ugonjwa, tumepima. Ndani ya nyumba, joto hili la Tanga, anavaa baibui. Madrasa kaacha, na shuleni mkuu alitwambia kwa sauti ya huruma kabisa kuwa "apumzike nyumbani mpaka mambo yapoe." Yule aliyeshika simu amesomea wapi wiki hizo zote? Shuleni. (Hapa nilitamka neno mbele ya mkuu ambalo sitaliandika, nawe hutalipenda.)

Na la simu lenyewe. Wenzake wa darasa walichukua uso wake kwenye ile video wakautengeneza stika. Unajua stika, zile picha ndogo mnazotumiana za "Ijumaa Karim". Uso wa mtoto akiwa katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, watu wanautumia kucheka mtu akichelewa kujibu meseji. Nilikaa naye usiku mmoja, simu yake iko pembeni kwenye mto wa kulalia, kifudifudi. Kila ikitetemeka, bega lake la kulia linapanda. Nilihesabu kumi na tisa kati ya isha na saa tano. Nilimwambia izime. Akasema, "Nikiizima sitajua wanasema nini." Sikuwa na jibu.

Wewe ni mtoto wa mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, umevijua vijembe kabla yetu. Mtu akikuudhi ulinunua kanga yenye neno lake, ukaianika upande anaopita, naye kesho akaja na yake. Ulimjua adui yako kwa jina na kwa mwendo. Usiku mlango ukifungwa, ugomvi nao ulilala barazani mpaka asubuhi. Huyu wa leo hana mlango wa kufunga. Hajui ni nani, hajui ni wangapi, na kijembe kinamfuata kitandani, chooni, kwa bibi yake.

Kwa sababu hiyo shauri lenu la kumpeleka Handeni kwa mjomba wake sikulipenda, ingawa najua mnamtakia mema. Mnadhani akihama, neno litabaki Tanga. Kuna binti wa Kanada, Amanda Todd, watu wengi walimsikia. Mtu asiyemjua alimlaghai kwenye kamera ya kompyuta akapata picha yake akiwa mtoto wa darasa la saba, akamtishia nayo. Familia ikamhamisha shule, picha ikafika shule mpya. Wakamhamisha tena, ikafika tena. Septemba 2012 alijirekodi akieleza masaibu yake kwa vikaratasi, kimoja baada ya kingine, bila kutamka neno. Mwezi uliofuata akajitoa uhai, ana miaka 15. Aliyemtesa alikuwa Uholanzi, bahari nzima katikati, na hukumu ya miaka 13 jela ilimpata mwaka 2022, miaka kumi baada ya mtoto kuzikwa. Handeni ni mwendo wa basi tu, shangazi. Video imeshatangulia.

La kumwoza ili "kufuta aibu" nalijibu kwa ufupi. Ni mwanafunzi, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Na hao watu wa upande wa pili waliokuja na bahasha, wakaita "kuyamaliza nyumbani", waambie tumewaona. Kubaka nako adhabu yake haipungui miaka 30. Mbuzi wawili hawaifuti.

Nimekuja kwenye lile ambalo litakukasirisha, nisamehe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimuulizi mtu nia yake ilikuwa nzuri kiasi gani. Kusambaza picha za namna ile za mtoto, na mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Wale wa stika nao wana kifungu chao, cha kumsumbua na kumtisha mtu mtandaoni: milioni 5 au miaka 3, kwa uchache. Sikuletei haya kukutisha. Hakuna anayetaka kumpeleka bibi wa watu mahakamani. Nataka ujue tu kwamba ile mikono mitatu ya dua haikuigeuza ile video kuwa nasaha.

Siku ya Idi niliwahesabu mabinti wa ukoo walivyokaa mkekani kwako wakipakana hina. Walikuwa kumi na moja. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Piga hesabu za mkeka wako. Halafu ugeukie wavulana waliokuwa wanacheza bao nje, uwahesabu nao, maana hao ndio hata hatuwaulizi. Kaka yake mdogo, wa miaka kumi na mbili, amerudi nyumbani mara mbili na mdomo umepasuka kwa kupigana juu ya dada yake. Tunampaka mafuta, tunamwambia awe mwanaume.

Lipo jema kidogo. Kuna dada wa ustawi wa jamii anakuja kila wiki, hamuulizi habari ya Ijumaa kabisa, wanafuma kofia. Wiki ya tatu mtoto akaanza mwenyewe kuisema. Namba 116, ile ya simu kwa mtoto, nimeibandika nyuma ya mlango wake, haitozwi hela, na siku moja niliona kona ya karatasi imekunjwa kama mtu aliyeishika akaiacha. Sijauliza.

Ninachokuomba ni kidogo. Video ifute, kwenye grupu na ndani ya simu, kwenye picha zako pia, maana huwa inajihifadhi yenyewe. Mpe mtoto wa jirani akusaidie, lakini aangalie pembeni. Askari ameshachukua ushahidi anaouhitaji kwenye simu ya wifi, ya kwako haina kazi tena. Kisha andika palepale kwenye grupu kwamba ulikosea. Mistari miwili yatosha, usitaje mtu. Wajomba hawatalifanya kabla yako.

Halafu njoo umtazame. Hajakukasirikia; anaona haya mbele yako, na haya hiyo si yake. Usimuulize alifuata nini kule. Usimwambie asamehe. Alikuwa anapenda ukimsuka, basi njoo na chanuo na mafuta ya nazi, ukae kwenye kigoda, yeye atakaa chini mbele yako, hatalazimika kukutazama usoni. Alhamisi baada ya alasiri wifi hayupo, nitakuwepo mimi. Pitia mlango wa uani. Simu iache nyumbani.