Presha ya wazee wetu isifichwe nyuma ya neno "uzee"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa sisi tunaoishi na wazazi wazee huku Rungwe, jambo ambalo familia yangu ililitambua kwa kuchelewa.

Mama yetu alianza kusimama kati ya jiko na pipa la maji, birika mkononi, asikumbuke alichokusudia. Hatua zake zikawa fupi za kuburuza. Majirani walisema ni uzee, nasi tukakubali. Alipokuja kupimwa, presha ilikuwa 190 kwa 100, na kwenye pindo la kanga yake tulikuta vidonge vya presha alivyokuwa akivimeza siku za kuumwa kichwa tu.

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha asilimia 20 ya oksijeni yote, na kwa kuwa hauna akiba ya maana, damu haina budi kuufikia muda wote. Ujanani, kuta za mishipa mikubwa hunyumbuka na kupunguza kishindo cha kila pigo la moyo. Kadiri umri unavyosogea, nyuzi zinazoipa mishipa mnyumbuko hukatika, kuta hukakamaa kama mpira wa kumwagilia bustani ulioachwa juani misimu kadhaa, na kishindo kile huenda kuvipiga vimishipa vyembamba vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Utando wa ndani wa mishipa nao hupunguza kutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayoifanya mishipa itanuke pale sehemu fulani ya ubongo inapohitaji damu zaidi. Baadhi ya vimishipa huziba bila mkono kupooza wala mdomo kupinda, na mtu hupoteza kumbukumbu, mwendo na wepesi wa kufikiri kidogo kidogo.

Hilo ndilo linaloniuma, Ndugu Mhariri. Kiharusi kinachomwangusha mtu tunakijua, lakini madhara haya ya taratibu tunayaita uzee. Ni kweli kwamba mishipa ya kila mtu huzeeka, ila presha isiyotibiwa, kisukari na tumbaku huharakisha kuzeeka huko, na presha hupimwa kwa dakika chache.

Nawaomba waganga na wauguzi wa zahanati zetu wasimruhusu mzee aliyekuja kwa maumivu ya magoti aondoke kabla hajafungwa mkanda wa kipimo, kwani hata diklofenaki, dawa ya maumivu anayopewa kwa magoti hayo, inaweza kumpandisha presha. Nasi watoto tuhesabu vidonge vyao. Mama sasa humeza chake kila asubuhi baada ya uji, na mjukuu huweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Kumbukumbu iliyokwenda haijarudi, lakini presha imeshuka, na jina langu bado analijua.

Msomaji wako,
Tukuyu, Mbeya