Wachawi wa Uskoti hawakuuawa na umati

Mhariri,

Makala yenu ilisema wanawake walioitwa wachawi huko Uskoti walichomwa hai na umati wenye hasira. Sivyo. Wengi wa waliohukumiwa walinyongwa kwanza kwenye nguzo, ndipo maiti ikachomwa, na kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Chini ya sheria ya uchawi ya 1563, iliyofutwa 1736, walishtakiwa watu wapatao 3,800. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wanawake.

Kesi ilianzia kwenye baraza la wazee wa kanisa, baraza ambalo waumini wa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, wamelirithi kutoka hukohuko. Mtu kagombana na jirani, ng'ombe wake kakauka maziwa, basi anakwenda kwa wazee na maneno yanaandikwa. Lakini umbea wa majirani haukutosha. Kilichotafutwa ni ungamo. Mwanamke alifungiwa jela ya mji au mnara wa kanisa, walinzi wakapokezana zamu asipate hata lepe la usingizi. Baada ya siku chache mtu asiyelala huona visivyokuwapo. Ukimuuliza usiku kucha alikutana wapi na Ibilisi, na nani walikuwa naye, mwishowe atajibu, na aliowataja wanakamatwa.

Akikaidi, huenda akaletewa mchoma sindano, atafute mahali pasipouma wala kutoka damu, eti alama ya Ibilisi. John Kincaid wa Tranent alilipwa kwa kazi hiyo mpaka 1662, alipotiwa ndani yeye mwenyewe.

Ungamo lilipelekwa Edinburgh. Baraza la Mfalme likatoa kibali, na wakubwa wa palepale mtaani wakakaa kuwa mahakimu. Kasoro kubwa ilikuwa hapa, kuliko hata kwenye sindano: mahakama kuu iliachia wengi zaidi, kwa kuwa majaji wake hawakuwa na visa na mshtakiwa.

Hesabu ya gharama za mji wa Kirkcaldy ya 1633, walipouawa kwa uchawi Alison Dick na mumewe William Coke, bado ipo. Makaa ya mawe mizigo 10, pauni 3, shilingi 6 na peni 8. Pipa la lami, shilingi 14. Kamba, shilingi 6. Mnyongaji, pauni 8 na shilingi 14 za jasho lake. Jumla ilipita pauni 34 za Uskoti, na bili hiyo kanisa na mji waligawana.

Wasomaji wenu,
Nairobi