YAH: Malalamiko kuhusu kufuli langu lililokatwa kwa grenda wakati wa shatidauni (kiwanda kimesimama kwa matengenezo)

Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Sukari.

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi na vijana wangu tu wazima, ingawa ofisi yako ya mipango haina mchango wowote katika hilo.

Mhasibu wenu ametulipa ankara ya kubadilisha tyubu (mabomba membamba) za boila namba mbili pungufu kwa asilimia 10, ameandika kwa kalamu nyekundu "kuchelewesha kazi". Anachokiita kuchelewesha ni ile nusu siku tuliyosimama. Kwa nini tulisimama, hakuandika. Naandika mimi.

Siku ya tisa ya shatidauni, saa nne asubuhi, mtu wa zamu yenu alichukua grenda akakata kufuli langu jekundu lililokuwa kwenye valvu ya maji ya kulishia boila. Akafungua valvu, pampu ikawashwa. Fundi wangu alikuwa ndani ya dramu ya chini, lile pipa la chuma ambamo tyubu huishia. Kibali cha kuingia kilikuwa kimebandikwa pale pale kwenye tundu la kuingilia, kimesainiwa na watu wenu wawili saa moja asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kadi yenye jina langu na namba yangu ya simu ilikuwa inaning'inia kwenye kufuli. Simu yangu haikuita.

Sitakueleza kwamba kufuli lile ni la kuzuia mtu asifungue valvu wakati mwenzake yuko ndani. Utaratibu ni wenu, na ninyi ndio mlioniweka darasani siku nzima kabla ya kuniruhusu kupita getini. Darasani humo mlituonyesha picha za Piper Alpha, ule mtambo wa mafuta na gesi wa Bahari ya Kaskazini ulioteketea Julai 1988 na kuua watu 167. Mwalimu wenu alieleza vizuri sana: pampu iko kwenye matengenezo, valvu yake ya usalama imetolewa, zamu ya usiku haina habari, wakaiwasha. Akatuuliza, "Kibali kilikuwa wapi?" Vijana wangu waliandika swali hilo kwenye madaftari yao. Ningependa kujua kama mtu wenu mwenye grenda naye alipita darasa hilo, au ni la wakandarasi peke yetu.

Tulipokaa mezani mwezi Januari, mlisema tyubu za kubadilisha ni 180 na siku ni 30. Nilisema boila hujui ugonjwa wake mpaka uifungue, tuacheni nafasi. Mkacheka, mkasema ratiba imeshapita kwa wakubwa. Tulipofungua, tyubu zikafika 236. Siku zikabaki 30. Nyongeza yote ile niliambiwa kwa mdomo, "endelea tu, tutaandikiana", na mpaka leo LPO yake (hati ya kuagiza kazi) sijaiona. Naelewa presha yenu. Masika yakikatika miwa inaingia, na boila isipotoa mvuke hakuna kinachozunguka, si vinu wala tabaini ya umeme. Kila kazi kwenye karatasi ile ya rangi mliyoitundika ukutani ilikuwa inatusubiri sisi. Lakini ncha ya tyubu hupanuliwa kwa ekspanda, moja moja, mpaka ing'ang'anie tundu lake. Ukiiharakisha, siku ya jaribio la maji itakutolea machozi mbele ya mkaguzi. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anafanya kijana ndani ya dramu.

Nirudi hapo hapo, maana kwenye taarifa yenu mmeandika mstari mmoja tu: "maji kidogo yaliingia kwenye dramu".

Kijana yule ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa kwanza. Alikuwa amelala chali, taa pembeni, ekspanda mkononi. Tundu la kutokea ni dogo, la mviringo wa yai, mtu mzima hutanguliza mkono mmoja na kichwa ndipo mabega yafuate. Mimi nilikuwa juu, kwenye jukwaa la dramu ya mvuke. Nilisikia grenda, nikadhani ni wale wa bomba. Kisha nikasikia pampu ikichukua mzigo, na sauti hiyo mtu aliyekaa na maboila miaka 22 haikosei. Maji yakapita dramu ya juu, yakashuka kwenye tyubu kama mvua kwenye bati. Mlinzi wa tundu alipiga kelele. Nilishuka ngazi ile sijui vipi. Nilipofika mpwa wangu alikuwa ametoka nusu, buti zimejaa maji, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Mjomba, nani amefungua?" Sikuwa na jibu.

Taa aliyokuwa nayo ilikuwa ya volti 24. Ilikuwa yangu, nilikuja nayo kutoka karakana yangu ya Gerezani, kwa sababu stoo yenu ilitaka kutupa ya volti 230 ikisema ndogo zimekwisha. Ilikutwa imezama. Tafadhali fikiri kidogo juu ya taa hiyo kabla hujaendelea kusoma.

Na yote hayo kwa ajili gani? Jioni ndipo nilipojua. Pampu ilikuwa imetoka kufanyiwa ovahoo (matengenezo makubwa), na mtu wa mipango alitaka kuonyesha kwenye kikao kwamba kisanduku chake kwenye karatasi ile ya rangi kimegeuka kijani siku mbili kabla ya wakati. Kufuli "lilionekana limesahauliwa".

Kwenye kikao hicho cha saa kumi na moja, mbele ya wakandarasi wote, nilisimama na vipande viwili vya kufuli mkononi. Sijatukana. Niliuliza nani ametoa ruhusa. Mkuu wako wa mipango akaniambia, nanukuu: "Mzee, kufuli ni elfu kumi na tano, tutakulipa. Kazi yenu ni kuchomelea, kupanga tuachieni." Watu wakacheka. Wewe ulikuwa umekaa kichwani mwa meza. Hukucheka, nakupa haki yako. Ulitazama simu.

Niliwatoa vijana kazini nusu siku mpaka kila valvu ikaguliwe upya na kufuli zirudishwe. Ningefanya hivyo tena. Tulimaliza tyubu zote, boila ikafanyiwa jaribio la maji na hakuna hata moja iliyovuja, mkaguzi alisaini. Kesho yake getini tukaambiwa vitambulisho vyetu vimefungwa, na vifaa vyetu vibaki ndani "mpaka mahesabu yakamilike". Mashine mbili za kuchomelea, seti nzima ya ekspanda, chenbloku tatu za kunyanyulia mizigo. Wiki ya tano sasa. Karakana yangu inakodi mashine kwa jirani ili watu wale.

Kwa heshima, naomba ankara ilipwe yote bila makato, pamoja na tyubu 56 za nyongeza, ndani ya siku 14. Vifaa virudishwe kwa gari lenu na kwa gharama yenu.

Nimeisoma tena sehemu ya juu na nimebadili mawazo. Siku ni 7. Na iongezwe barua ya kuomba radhi, si kwangu, bali kwa mpwa wangu, kwa jina lake, isainiwe na wewe na isomwe kwenye chumba kile kile cha kikao, mbele ya wale waliocheka. Elfu kumi na tano ya kufuli sitaki.

Siku ya nane ikifika sijasikia neno, nitapeleka picha ya kibali, picha ya kadi, vipande vya kufuli na maelezo ya mashahidi wanne kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, waamue wenyewe kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inaruhusu kukata kufuli la mtu aliye ndani ya boila. Wakili naye ameshasoma nakala ya barua hii. Yeye alitaka niiandike kwa ukali zaidi.

Barua za namna hii huishia kwa "wako mtiifu". Utaniwia radhi.

Fundi Mkuu na Mmiliki wa Karakana,
Gerezani, Dar es Salaam.

Nakala:
Mkuu wa Usalama Kiwandani
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) – imo kwenye bahasha, stempu imebandikwa, haijatumwa