MALALAMIKO: Santuri ya Scream Bloody Gore imekuja mbovu, nyie mnasema ndo muziki wenyewe ulivyo

Ndugu Meneja, habari za kazi.

Nakuandikia wewe moja kwa moja maana huko chini nimeshazungushwa wiki ya tatu sasa, na jibu la mwisho nililopewa limeniuma kuliko hata hela yenyewe.

Mwezi uliopita niliagiza kwenu santuri ya Scream Bloody Gore, albamu ya kwanza ya bendi ya Death ya kule Florida, Marekani. Nikalipa shilingi 150,000 yote kwa mkupuo kwa simu, meseji ya malipo ninayo. Mzigo ukaja na bodaboda saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, umewekwa kwenye mfuko wa kawaida tu wa sokoni, hakuna boksi hakuna kadibodi. Nailoni ya juu ya kava ilishachanwa kabla haijanifikia, kona imekunjika pale pale kwenye ile picha ya mchoraji Ed Repka yenye mifupa iliyovaa majoho, na sahani yenyewe ukiilaza mezani upande mmoja umenyanyuka unaweza kupitisha kidole chini yake. Halafu upande A una mkwaruzo mrefu unaanzia pembeni kabisa unapita wimbo wa kwanza na wa pili.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea aliongea kwa heshima, sina neno naye, ila alichosema ndo hiki: "kaka, huo muziki ni wa makelele, magita yanagongana, hiyo ndo sauti yake, hatuwezi kurudisha hela kwa vile mteja hajapenda nyimbo." Sikutaka kumjibu vibaya dada wa watu nikakata simu. Lakini siku mbili zilizofuata nikapata na meseji kutoka dukani inasema kitu hicho hicho, ina maana ndo msimamo wa kampuni, na hapo ndo nimeona niandike.

Meneja, hiyo albamu naijua sekunde kwa sekunde. Kinachosikika kwenye sahani mliyoniletea sio deth metali, yaani huu muziki wa roki nzito wenyewe, ni plastiki iliyokwaruzwa na kupikwa na joto.

Kuhusu magita kugongana. Kwenye albamu ile magita yote amepiga mtu mmoja, Chuck Schuldiner, gita la kwanza, la pili, besi kapiga yeye, na kuimba kaimba yeye. Dramu kapiga Chris Reifert. Basi, watu wawili tu! Kwenye kava mtaona na jina la John Hand kama mpiga gita lakini huyo hakupiga chochote kwenye rekodi. Sasa gita la mtu mmoja lililorekodiwa juu ya lingine na mkono ule ule linagonganaje? Ukisikiliza kopi nzima unasikia wazi kabisa gita linavyokata, linasimama, linaanza tena, vyote kwa pamoja kama mkasi.

Halafu hili ndo lililonifanya nishindwe kulala. Hawa vijana mnaosema wamepiga makelele, rekodi yao ya kwanza ya albamu hii waliifanya kule Florida mwaka 1986 na lebo yao, Combat, haikuridhika nayo, ikabidi waende California kurudia kazi yote upya, studio ya Music Grinder pale Hollywood, mwezi wa 11 mwaka huo huo, chini ya prodyuza Randy Burns. Chuck alikuwa na miaka 19, Reifert 17, watoto kabisa. Wameanza moja ili sauti itoke vizuri, halafu leo mtu wa dukani Dar ananiambia ubovu wa sauti ndo ulivyo! Hapana, haiwezekani.

Nimefanya na majaribio ili msiseme naongea tu. Santuri inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo mkwaruzo lazima ugonge sindano kila baada ya sekunde 1.8. Nikakaa na saa, nikahesabu huo mlio wa "tk" kwenye wimbo wa kwanza, Infernal Death, zimetoka 33 kwa dakika moja, nikarudia kwenye wa pili, Zombie Ritual, nikapata hizo hizo 33. Nyimbo hizo mbili mwendo wake ni tofauti kabisa, Infernal Death inaanza nzito taratibu halafu inafyatuka, sasa inakuwaje kelele ya kwenye muziki haibadiliki hata pale muziki unapobadilika? Na mwanzo wa Zombie Ritual kuna gita linapiga melodi, pale hakuna fujo yoyote mtu anaweza kusingizia, na pale ndipo sauti inapanda na kushuka kama mtu anaimba yuko kwenye mtumbwi, halafu sindano inaruka inarudi nyuma. Hicho ni kupinda kwa sahani.

Pleya yangu haina shida. Siku hiyo hiyo niliweka santuri ya Mbaraka Mwinshehe aliyoniachia marehemu mzee, ina umri mkubwa kuliko mimi, ikapiga mwanzo mwisho sindano haijatikisika.

Naomba muelewe pia kwa nini nimeng'ang'ania hii sahani na sio nyingine. Hii ilitoka mwaka 1987 na watu wengi wanaihesabu kuwa ndo albamu ya kwanza kabisa ya deth metali. Wapo wanaosema bendi ya Possessed ilitangulia na albamu yao Seven Churches ya 1985, sibishani nao, wana hoja nzuri tu na hata prodyuza wa ile ni Randy Burns huyo huyo. Ila uimbaji ule wa kukoroma kutoka kooni, gita lililoshushwa chini, nyimbo zimejaa maiti na filamu za kutisha alizokuwa anaangalia Chuck, bendi ngapi za Florida na za Sweden zimeanzia hapo. Reifert mwenyewe alitoka hapo akaenda kuanzisha bendi ya Autopsy. Na Chuck hakubaki pale, kila albamu iliyofuata alikuwa anapiga vigumu zaidi na vizuri zaidi, mpaka akapata uvimbe kwenye ubongo akafariki tarehe 13 Desemba 2001, ana miaka 34. Hii ndo kazi yake ya kwanza, upande wa pili unaisha na wimbo wenye jina la albamu, na mimi sijafika huko kwa amani hata mara moja.

Ilikuwa ni zawadi ya kaka yangu, katimiza miaka 50 tarehe 9. Yeye ndo alinirekodia albamu hii kwenye kanda nikiwa kidato cha pili, tukawa tunasikiliza kwa sauti ya chini mama asisikie. Siku ya sherehe nimempa kava tupu nikamwambia sahani inakuja, ameshika ile kava muda mrefu hajasema kitu. Nyie mnaona ni mteja hajapenda nyimbo.

Kingine, kwenye tangazo mliandika ni toleo halisi la 1987, kumbe nyuma kuna nembo ya lebo ya Relapse, hao waliitoa upya mwaka 2016. Toleo lao ni zuri na ningelinunua kwa furaha, ila kwa bei yake, sio kwa bei ya la zamani. Rekebisheni hilo tangazo maana mpaka jana usiku lilikuwa bado lipo.

Ninachotaka ni sahani nyingine ya albamu hiyo hiyo, nzima, imefungwa kwenye boksi, isipande bodaboda mchana. Kama hamna, basi 150,000 yangu yote irudi kwenye namba iliyolipa, sitaki vocha ya dukani. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuja hapo na sahani pamoja na pleya yangu, nitaomba unipe dakika tano na sehemu ya kuchomeka umeme, tuweke Zombie Ritual usikilize mwenyewe. Na huyo dada naomba awepo.

Mteja wenu.