Anayehamia mitaa ya pwani asianze na geti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo limekuwa gumzo miongoni mwa watu wenye uwezo kiasi, hasa wastaafu na Watanzania waishio ughaibuni wanaojipanga kurudi nyumbani, nalo ni wapi katika ukanda wa pwani wa Dar es Salaam mtu anaweza kununua nyumba nzuri, katika mtaa uliotulia na wenye usalama. Matangazo yaliyojaa kwenye simu zetu hulijibu swali hilo kwa namna moja tu: picha ya geti, picha ya bwawa la kuogelea, na picha ya bahari kutoka ghorofani. Nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi hadi kustaafu na sasa ninaishi Kunduchi, na kwa maoni yangu picha hizo hazimwonyeshi mnunuzi lolote kati ya mambo yatakayoamua kama ataishi kwa raha au kwa majuto.

Wengi huanza kuulizia Masaki na Oysterbay, na hawakosei sana. Oysterbay ilipangwa enzi ya Mwingereza kwa ajili ya makazi ya Wazungu, ikapewa viwanja vikubwa na barabara zenye miti, huku Mwafrika akipangiwa Kariakoo. Dhuluma ya mpango ule tunaijua, lakini nafasi iliyoachwa wakati huo ndiyo inayolipiwa mabilioni leo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, limeifanya rasi ya Msasani, ilipo mitaa hiyo miwili, kuwa karibu zaidi na katikati ya jiji. Kinachopaswa kuulizwa huko ni kuhusu maghorofa yanayoota katika viwanja vilivyokusudiwa familia moja: je, mnunuzi wa fleti atapewa hati yake mwenyewe chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na ni nani atakayegharimia lifti, jenereta na kunyonya majitaka miaka kumi ijayo? Mwenye fedha za Masaki, hata hivyo, kwa kawaida ana wakili. Hofu yangu ni kwa anayeuza shamba na kutumia kiinua mgongo chake chote kununua nyumba Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio au Mbweni.

Huku kaskazini bahari inakula ardhi, na si habari ya jana. Iliyokuwa Hoteli ya Africana, ambayo leo abiria wengi wanaijua kama jina la kituo cha daladala tu, ni miongoni mwa majengo ya ufukweni yaliyoshindwa na mmomonyoko. Sababu zake zinaeleweka vizuri: mchanga uliopaswa kuletwa na mito Mbezi, Tegeta na Mpiji ili kuujenga upya ufukwe huchimbwa mtoni na kupakiwa kwenye malori ya ujenzi, mikoko iliyokuwa ikituliza mawimbi imekatwa, na miamba ya matumbawe iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Kisha mwenye nyumba anayeona ukuta wake unatikisika huweka mawe na zege baharini kujiokoa, na mchanga unaonaswa mbele yake ndio huo huo anaoukosa jirani. Nyumba inayoonekana imara leo inaweza kuwa imara kwa sababu tu jirani wa pili ndiye anayebomokewa, na mnunuzi asiyetembea ufukweni umbali wa angalau nusu kilomita kila upande hawezi kulijua hilo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Dalali akiulizwa hujibu haraka kwamba nyumba iko nje ya mita hizo. Tatizo ni kwamba mstari wa kuanzia kupima hausimami mahali pamoja. Katika kazi yangu niliwahi kutafuta bikoni ya kona ya kiwanja kimoja kwenye nyasi, mahali ambapo ramani ilionyesha, nikaikuta mchangani, jiwe la zege limegandwa na chaza pande zote, namba yake ikisomeka kwa kuparuliwa na kisu. Hati ya kiwanja kile ilikuwa halali kabisa, na hakuna aliyekuwa amemdanganya mtu. Ardhi iliyotajwa kwenye hati ndiyo iliyokuwa imepungua.

Kwa hiyo namshauri mnunuzi aende kuona nyumba siku za bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida, na akiweza asubiri bamvua za Machi au Septemba ambazo huwa kubwa kuliko nyingine, asimame kwenye ukuta wa nyuma saa ya maji kujaa. Dalali hupenda kumpeleka mteja maji yakiwa yamekupwa, ufukwe ukiwa mpana kama uwanja wa mpira. Nisieleweke vibaya, wapo madalali waungwana, ila jedwali la kupwa na kujaa si sehemu ya kazi wanayolipwa kuifanya.

Hatari ya pili inatoka upande wa barabara. Maji ya mvua ya maeneo ya juu ya Barabara ya Bagamoyo yanapaswa kushuka hadi baharini, na njia zake za asili zinapita katikati ya mitaa hii tunayoisifia, ambako mwenye kiwanja baada ya mwingine amejenga uzio juu ya mkondo kana kwamba mvua huomba ruhusa. Mnunuzi achunguze kama milango ya majirani ina vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali, kama kuna viroba vya mchanga vimeegeshwa kando ya geti, na kama rangi ya ukuta imepakwa upya kwa chini tu. Amuulize mama lishe wa pale kona na vijana wa bodaboda maji hufika wapi wakati wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamishia watu wa mabondeni Mabwepande, na bomoabomoa ya bonde la Msimbazi ya Desemba 2015, tuliyaona kama mambo ya wanyonge. Lakini kifungu cha 57 hakitaji kipato cha mtu, na alama nyekundu ya X ya kubomolewa huandikwa hata kwenye ukuta wenye marumaru.

Kuhusu maji ya kunywa nitasema kwa ufupi. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgawo ukatangazwa jijini, wengi waligeukia visima, na kisima kilicho karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi, hasa pale majirani wote wanapovuta kwa pampu. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo umbali kati ya shimo la majitaka na kisima, cha mwenyewe na cha jirani, ni swali la afya. Sampuli ya maji ipelekwe maabara kabla ya malipo ya awali.

Sasa usalama, ambao ndio neno linalouza nyumba hizi. Ukuta mrefu wenye nyaya za umeme humzuia mwizi wa kuparamia, lakini pia humzuia jirani kuona kwamba kuna mtu ameshaingia. Mitaa niliyoiona imetulia kweli ni ile ambayo taa za barabarani zinawaka, ulinzi shirikishi unafanya kazi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua wakazi kwa sura, na gari la zimamoto linaweza kupita hadi nyumba ya mwisho bila kukutana na kizuizi kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu aliyelala. Kwa mstaafu, usalama ni pamoja na muda wa kufika hospitali saa moja jioni kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Safari hiyo aifanye mwenyewe, kwa gari, siku ya kazi.

Kuhusu karatasi, upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati hueleza kama nyumba iko kwenye rehani au ina zuio. Ridhaa ya mwenza wa muuzaji na stakabadhi za kodi ya ardhi zidaiwe mapema. Ndugu zetu waliochukua uraia wa nchi nyingine wakumbuke pia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kabla haijarekebishwa mwaka 2025, asiye raia hakumilikishwa ardhi kama raia, na kununua kwa jina la shangazi au binamu kumezaa kesi nyingi kuliko nyumba.

Ninayo maombi mawili. Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni, kwa kushirikiana na Wizara ya Ardhi na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ibandike katika kila ofisi ya serikali ya mtaa ya ukanda huu ramani inayoonyesha mikondo ya maji na mstari wa mita 60 kama ulivyopimwa karibuni, pamoja na tarehe ya upimaji huo. Kwa upande wako, Ndugu Mhariri, gazeti lisipokee tangazo la kiwanja au nyumba ya pwani lisilotaja namba ya kiwanja na kitalu, kwa kuwa msomaji akiwa na namba hizo mbili anaweza kwenda kujithibitishia mwenyewe kabla ya kumpigia dalali simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpima ardhi mstaafu,
Kunduchi, Dar es Salaam.