Barua ya wazi kwa vijana wanamuziki wa Nyanda za Juu Kusini: mtindo wenu unaitwaje?

Wanangu na wajukuu zangu wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe,

Kamwene. Nawaandikia nikiwa nyumbani Kihesa, mvua ikipiga bati na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwa umejaa vilabuni. Nilipiga gitaa la besi katika bendi za dansi za mji huu kwa miaka mingi, na baadhi yenu mnanijua tu kama yule mzee anayegonga geti la studio saa saba usiku kuomba spika zipunguzwe. Leo sikuja kwa ajili ya spika.

Majuzi nilisafiri kwa basi kutoka Mbeya, na dereva alikuwa amechomeka flashi yenye nyimbo mpya tupu. Tulipofika Makambako niligundua kuwa nimeshindwa kutambua wimbo mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Mzee mwenzangu niliyeketi naye akasema muziki umekufa, vijana hawana ubunifu, enzi zetu ndizo zilikuwa na muziki. Nilimbishia mpaka Mafinga, na barua hii ni mabishano yale yale, ila safari hii nawageukia ninyi, kwa sababu nilipomaliza kumkosoa yeye niliona kuwa hata nanyi nina neno.

Kwanza msikubali kudanganywa kuwa sisi hatukuiga. Rumba tuliyojivunia ilitoka Cuba, ikafika Afrika kwa santuri zilizoitwa GV kuanzia miaka ya 1930, Wakongo wakaichukua na kuigeuza yao, nasi tukaichukua kwao. Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba bila haya yoyote. Mimi mwenyewe ujanani nilikariri nyimbo za Kilingala neno kwa neno, nikiwa sijui hata moja maana yake. Usiku mmoja, kwenye kilabu cha Mlandege, mama muuza ulanzi alitusubiri tumalize wimbo wa huzuni tuliouimba kwa macho yaliyofumbwa, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, huyo mnayemlilia ni nani?" Tulitazamana. Hakuna aliyejua kama tunamlilia mama, mchumba au ng'ombe. Watu walicheka hadi vikombe vikamwagika, nami sijawahi kupata somo la muziki lililonichoma kama lile.

Kilichotuokoa ni desturi moja ambayo naona imepotea bila mtu kuiaga. Zamani bendi haikuhesabiwa kuwa bendi mpaka iwe na mtindo wake wenye jina, na mashabiki walikuja dansini kuutafuta mtindo huo. Bendi ya Mlimani Park ya Dar, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuwa na Sikinde. Wale wa bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, baadaye Juwata, walikuwa na Msondo. Na hayo yote mawili ni majina ya ngoma, si majina yaliyookotwa kwenye jalada la santuri. Hapa Iringa kiwanda cha kukata almasi kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, na waimbaji wake walikuwemo mapacha wawili wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mtindo wao ukaitwa Fimbo Lugoda, jina lisilonuka Kinshasa hata kidogo. Mtindo haukuwa tangazo la biashara tu, kwa maana ukishajiita jina ulilazimika kulijibu: tumba zipigwe vipi, besi iingie wapi, chemko, ile sehemu ya kuchangamka, lianze kwa gitaa au kwa tarumbeta. Mpigaji akileta kipande alichokinakili kwa jirani, wenzake walimwambia, hicho si cha kwetu.

Ninyi pia mna ukoo wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir aliweka Kiswahili juu ya midundo ya Marekani, na wengi walidhani ni mzaha. Baada yake alikuja Sugu, kijana wa Mbeya, akachana kuhusu maisha ya mtaani kwa namna ambayo Mmarekani asingeweza kuchana hata angefundishwa Kiswahili miaka kumi. Aliikopa hip hop, lakini alichorudisha kilikuwa na alama za meno yake. Kwa hiyo sina ugomvi na kukopa. Ugomvi wangu ni kurudisha kitu kama mlivyokipokea, kikiwa bado na karatasi ya dukani.

Chukueni amapiano. Ni muziki uliotungwa na vijana wa Afrika Kusini kwa akili kubwa, na ile besi yake inayogonga kama mlango wa mbao hunifanya hata mimi, mtu wa besi, nisimame. Lakini ninapoisikia Tunduma, Uyole na Ipogolo ikiwa na sauti ile ile, iliyopakuliwa kutoka faili lile lile, najiuliza prodyuza amefanya kazi gani zaidi ya kuifungua. Sisi tulikuwa watu wanane katika chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na udhaifu wake. Mpiga gitaa la rhythm wetu alikuwa na kidole kilichokatwa na panga shambani, hivyo alipiga kodi zake kwa njia aliyoibuni mwenyewe, na kwa kidole kile watu walitutambua hata tukiwa mbali. Tulipokwenda kurekodi Radio Tanzania tulipiga wote kwa pamoja, na mmoja akikosea tulianza upya. Sisemi mrudi huko, ilikuwa adha. Nasema faili la mtandaoni halina kidole kilichokatwa, hivyo udhaifu huo inabidi mlete wenyewe.

Udhaifu wenyewe mnao, tena mnaufuta. Mhehe au Mnyakyusa akizungumza Kiswahili, nchi nzima humtambua kwa sentensi ya kwanza, na wachekeshaji wamekula kwa lafudhi yetu miaka mingi. Mkiingia studio mnaikimbia lafudhi hiyo, mnaimba kama watoto wa Sinza, Dar, kisha Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti iliyopo tangu mwaka 1997, inanyoosha kila kilichobaki. Lakini lafudhi ni kupanda na kushuka kwa sauti, na kupanda na kushuka kwa sauti ndiko melodi inakotoka! Jaribuni kutunga wimbo mkianza na jinsi bibi yenu anavyomwita mtoto kutoka shambani. Programu iwekeni baadaye, kidogo.

Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny, ambaye ni wa Mbeya, waliuchukua wimbo wa Saida Karoli wa Kagera na kuupa maisha mapya, na vijana wengi wakamfahamu mama yule kwa njia hiyo. Niliufurahia. Nikajiuliza pia: kwetu je? Wahehe tuna ligombo, ala ya uzi, ubao uliochongwa kama hori, uzi ukizungushwa juu yake mara kadhaa, kibuyu kikikuza sauti. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akarekodi muziki wa namna hiyo, na hazina yake ya kurekodi leo imehifadhiwa katika chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini. Yaani mnaagiza midundo kutoka nchi ile ile ambako sauti za babu zenu zimelala kwenye rafu.

Mkiwaendea wazee wanaojua ngoma za kwetu, nendeni kwa adabu, mkiwa na chochote mkononi, na majina yao yaandikwe kwenye kazi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua hata sanaa za jadi, lakini hata isingezitambua, ningewaambia vivyo hivyo. Juu ya matusi katika mashairi sitasema kitu, mna wazazi.

Najua mtanijibu kuwa sisi tulilipwa mshahara na kiwanda kilitununulia vyombo, na ninyi mnalipia studio kwa saa kwa hela za bodaboda. Ni kweli, na ndiyo maana siombi makubwa. Pateni watatu au wanne, mkutane mara moja kwa wiki bila kurekodi chochote, mpaka siku mtakapopata kitu ambacho mmoja wenu atakisikia redioni na kusema, hicho si cha kwetu, au, hicho wametuibia. Kisha mkipe jina.

Jumamosi mchana huwa niko nyumbani. Besi yangu ina nyuzi tatu. Wa nne nimeuagiza Dar, na aliyeahidi kuuleta amesema utafika na basi la wiki ijayo.

Mzee wenu,
Kihesa, Iringa